Wa kumtazama na wa kukutazama: umchague nani akufunze kutafuta soko

Somo la masoko lililonifaa kuliko yote nililipata soko la Kisutu, kwa mama anayeuza viungo, na lilihusu mfuniko wa chupa.

Nilikuwa nimemfuata na chupa mbili za siagi yangu ya karanga. Lebo zilikuwa zimenikosesha usingizi: rangi mbili, picha ya karanga zilizomenywa, jina kwa herufi za mapambo. Hakuzisoma. Alizichukua akazitua chini, kwenye kreti la soda lililogeuzwa karibu na miguu yake, akasimama, akaniambia na mimi nisimame. "Haya mwanangu, unaona nini?" Nikatazama. Niliona mifuniko miwili myeupe, basi. "Kwa Mangi, kwenye duka la mtaani, utawekwa rafu ya chini, maana bado hajakujua. Mteja naye amesimama kama ulivyosimama wewe. Hiyo lebo anaisoma saa ngapi?"

Wiki ileile nikachapisha stika za duara za kubandika juu ya mfuniko, zenye jina na maneno manne: Karanga tupu, koroga kwanza. Hayo ya kukoroga pia yalitoka kwake. Nilikuwa nimemweleza kwamba wateja wananirudishia chupa wakiona mafuta yameelea juu, wakidhani imeharibika. Siagi isiyowekwa kitu cha kuyashika mafuta lazima mafuta yapande. Mimi nilijua, mteja hakujua, na sikuwa nimemwambia popote. Baada ya stika, chupa ziliacha kurudi.

Wenzangu wanaoanza huniuliza: "Dada, nimfuate nani kwenye mambo ya masoko?" Ndani ya swali hilo mna maswali mawili, na nimeona watu wakipoteza mwaka mzima kwa kuyachanganya. Kuna wa kumtazama na kuna wa kukutazama. Wa kumtazama hajui kama upo. Unaangalia anavyouza, unachukua kinachokufaa. Wa kukutazama anaijua bidhaa yako, anajua Jumamosi uliuza ngapi, na akikuona unakosea anakwambia. Wote wawili wana kazi, ila kila mmoja na yake. Hapa chini nimewaweka kando kwa kando jinsi nilivyowaona mimi, nikiuza chakula cha kusindikwa Dar es Salaam kwa mtaji mdogo.

Wakubwa tunaowatazama kwa mbali

Ukisema mfano wa kuigwa kibiashara mjini hapa, jina la kwanza kutajwa ni Said Salim Bakhresa, mwenye kampuni za Azam. Aliacha shule mapema huko Zanzibar, akaanza na mgahawa mdogo miaka ya 1970, kabla ya kuingia kwenye usagaji wa nafaka. Tatizo ni kwamba tunamtazama alipofika. Tunaona Azam FC iliyochukua ubingwa wa ligi kuu msimu wa 2013/14, tunaona televisheni, tunaona boti za kwenda Unguja. Hakuna hata kimoja hapo cha kuigwa na mtu mwenye laki tatu.

Mimi namtazama kwa kitu kimoja: aiskrimu ya Azam. Bidhaa ile haikungoja mtoto atumwe dukani penye friji. Iliwekwa kwenye sanduku la baridi juu ya baiskeli, ikapewa mlio, ikaingizwa uchochoroni. Mtoto anausikia mlio kabla hajaiona baiskeli, na mama anaanza kusumbuliwa hela kabla muuzaji hajafika mlangoni. Hilo ni somo zima la masoko: mfuate mlaji alipo, na mjulishe kuwa unakuja kwa ishara ileile kila siku. Sina baiskeli wala mlio, lakini nilichukua ratiba. Kila Jumamosi saa nne asubuhi napita mitaa ileile mitatu ya Tabata, nikianzia nyumba ileile. Ndani ya miezi miwili kulikuwa na watu wanaoniwekea chupa tupu dirishani wakisubiri nipite.

Mohammed Dewji naye hutajwa sana. Nasema kwa heshima: alirudi kutoka chuo cha Georgetown huko Marekani akaikuta kampuni ya familia tayari inafanya biashara, naye akaikuza mno. Anayetaka kujifunza namna ya kuikuza kampuni iliyokwisha kusimama ana mengi ya kuchota pale. Ukiuliza "nitawapata vipi wateja hamsini wa kwanza?" safari yake haikupita njia hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kumfanya mtu mfano wako, uliza alifanya nini alipokuwa na mtaji kama wako, na alikuwa akimuuzia nani. Kama majibu ya maswali hayo mawili hayapatikani, huyo mshangilie tu, usimwige.

Wa mbali kwa maili, wa karibu kwa mtaji

Mfano ulionifaa zaidi kuliko matajiri wa hapa ni mwanamke wa Marekani aliyefanya kazi yake zaidi ya miaka 70 iliyopita. Aliitwa Brownie Wise, mama aliyekuwa akimlea mwanawe peke yake, na alikuwa akiuza vyombo vya plastiki vya Tupperware. Vyombo vile vilikuwa vizuri lakini madukani havikutoka, kwa sababu mteja hakuelewa mfuniko wake. Ulitaka ubonyezwe namna fulani hewa itoke, na rafuni hapakuwa na wa kumwonesha. (Mifuniko tena. Sikuipanga.) Wise akawa anaviuza nyumbani kwa watu: mwenyeji anaalika rafiki zake, yeye anaonesha chombo kinavyofungwa, watu wanacheka, wanajaribu, wanaagiza. Mauzo yalipanda mpaka mwaka 1951 mwenye kampuni, Earl Tupper, akaviondoa vyombo madukani kabisa na kumkabidhi Wise uongozi wa mauzo. Mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la gazeti la Business Week.

Niliposoma habari zake nilifikiria kicheni pati zetu. Wanawake hamsini wamekaa sehemu moja, habari yenyewe ni jiko na nyumba, bibi arusi mtarajiwa anafundwa, na kila mtu ana muda. Nikamwomba shangazi wa bibi arusi mmoja anipe meza ndogo pembeni. Nilipeleka mikate mitatu, uji wa mtama kwenye chupa ya chai, na siagi. Nikawa naikoroga mbele yao, nawapa waonje kwenye mkate na ndani ya uji. Kumbe wengi hawakuwahi kuwaza kuitia kwenye uji. Niliuza chupa kumi na tisa siku ile, lakini faida kubwa ilikuja baadaye, kwa wale waliokwenda kuitia kwenye uji wa watoto na kunipigia simu.

Mfano wa Wise una upande wa pili, na ukimwiga mtu uchukue pande zote. Mwaka 1958 aliondolewa kwenye kampuni, na hakuwa na hisa hata moja. Alijenga soko juu ya ardhi ya mtu mwingine. Siku hizi nikiambiwa niuze kwa jina la duka la mtu, bidhaa yangu kwenye kifungashio chake, namkumbuka.

Pamoja na yote hayo, Bakhresa na Wise wana udhaifu mmoja: hawajibu. Hawakuweza kuniambia kwa nini chupa zinarudi.

Wa karibu: aliyekutangulia hatua mbili tatu

Hapa ndipo nataka ukae zaidi, kwa sababu ndipo penye faida, na ndipo watu wanapopita haraka wakitafuta majina makubwa.

Yule mama wa Kisutu anauza iliki, mdalasini, karafuu, binzari na masala ya pilau katika vifuko vya shilingi mia tano na elfu moja. Sikumpata kwa kutafuta mlezi wa biashara, yaani huyo wa kukutazama. Nilikuwa mteja wake, nikaanza kuona mambo. Niliona hamtajii mtu bei kabla hajampa anuse: anavunja kiganda cha iliki kwa kidole, anakuwekea kiganjani. Niliona ana daftari la kaunta lenye majina ya wapishi wa harusi na namba zao za simu. Rajabu na Shaabani, kabla ya Ramadhani kufunga mlango wa sherehe, anawapigia mmoja mmoja: "Habari za siku nyingi, una kazi ngapi mwezi huu?" Haulizi kama wananunua. Anauliza habari za kazi zao, na oda inakuja yenyewe. Ramadhani ikikaribia kumalizika anawapigia tena, maana baada ya Idi harusi hufululiza.

Mimi siuzi kwa wapishi wa harusi. Lakini nilirudi nyumbani nikajiuliza: kalenda ya mteja wangu ni ipi? Mteja wangu ni mama mwenye watoto wanaokwenda shule, na shule zina siku za kufunguliwa. Nikaanza kuwatumia ujumbe wateja wangu wiki moja kabla ya shule kufunguliwa Januari, na tena Julai, wakati kila nyumba inafikiria kifungua kinywa cha haraka. Kabla ya hapo nilikuwa natuma matangazo siku nikiwa na karanga nyingi, yaani kwa kalenda yangu. Nilikuwa nimekwama kwenye chupa arobaini kwa wiki kwa miezi mingi. Januari ile nilivuka mia.

Angalia basi sifa zake kama mlezi. Anamuuzia mtu yuleyule ninayemuuzia, mama wa nyumbani na mpishi, lakini bidhaa tofauti, kwa hiyo nikipanda yeye hashuki. Amenitangulia, ila bado yuko sokoni na anajua bei ya leo. Si mtu anayesimulia mambo ya miaka ishirini iliyopita. Na hana haya ya kuniambia ukweli. Siku nilipomwonesha tangazo nililolipia kwenye Instagram, aliuliza tu: "Walionunua kwa hilo ni wangapi? Majina yao?" Sikuwa na jina hata moja.

Ana mipaka pia. Hajui mambo ya mitandao na hataki kuyajua. Ukimsikiliza kwa kila kitu utabaki sokoni milele. Na muda wake ni wa jioni tu, kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu, wateja wakipungua. Ukija saa tano asubuhi unamharibia kazi.

Mwenye bidhaa kama yako

Wengi hudhani mlezi bora ni yule anayeuza kitu kilekile. Mimi nashauri umtazame, usimfanye mlezi. Si kwamba watu ni wabaya. Biashara ya mtu ni ugali wake, na hata mwenye moyo mweupe atafika mahali atanyamaza.

Kisa cha Madam C. J. Walker kinaonesha jambo hili vizuri. Kabla hajawa tajiri wa vipodozi vya nywele za wanawake weusi huko Marekani, alikuwa wakala wa mauzo wa Annie Turnbo Malone, aliyekuwa na bidhaa za nywele za Poro. Kwa Malone alijifunza njia ya kuuza mlango kwa mlango na kuwafundisha wanawake wengine wauze. Mwaka 1905 alihamia Denver, baadaye akaanza kuuza bidhaa zake mwenyewe, na wale wawili wakageuka wapinzani. Walker alipofariki mwaka 1919 alikuwa amejenga jeshi la mawakala kwa njia iliyofanana sana na ile aliyoikuta kwa Malone. Ukimsoma kwa upande wa Walker unaona mwanafunzi aliyefaulu. Ukimsoma kwa upande wa Malone unaelewa kwa nini mwenye kiwanda cha siagi hawezi kukuonesha anakonunua karanga.

Njia ninayoipenda ni kumtafuta mwenye bidhaa kama yako lakini mji mwingine. Mimi nina mwenzangu Mwanza anayesaga karanga. Hatugombei mteja, basi tunaambiana hadi bei ya chupa tupu. Aliyenifundisha kuuza kifuko kidogo cha mia tano, kwa ajili ya mtu asiyeweza kununua chupa nzima, ni yeye. Wakenya wana jina zuri la biashara ya vipimo vidogo, wanaiita kadogo, na huko hata makampuni makubwa yamejipanga kwenye vifuko hivyo.

Ofisi na programu

SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973 na ina ofisi mikoani kote Tanzania Bara. Kwa mafunzo ya usindikaji, vifungashio na lebo sijaona mahali pa bei nafuu zaidi, na barua yao ya utambulisho ndiyo mlango wa mjasiriamali mdogo kwenda TBS, shirika la viwango. Chama cha wanawake wafanyabiashara, TWCC, kilichoanzishwa 2005, ni kizuri kwa maonesho na kwa kukutana na watu. Nikilinganisha na mama wa Kisutu: hawa wanakupa karatasi na milango, yeye anakupa macho. Ofisa mwenye washiriki arobaini darasani hawezi kujua kuwa chupa zako zinarudi.

Kwa wanaotaka kitu kikubwa zaidi, programu ya Tony Elumelu Foundation imekuwa ikichukua wajasiriamali wa nchi zote za Afrika tangu 2015. Inatoa mafunzo, mlezi, na mtaji wa dola 5,000 usiorudishwa. Maombi huwa mwanzoni mwa mwaka. Wanaoomba ni wengi mno, kwa hiyo omba, lakini usisimamishe biashara ukisubiri jibu. Jukwaa la MicroMentor linakuunganisha bure na mlezi popote alipo duniani. Udhaifu wake ni kwamba mtu wa mbali atakushauri mambo ya tovuti wakati mteja wako ananunua kwa Mangi. Uholanzi kuna PUM, iliyoanza 1978, inayotuma wataalamu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, kwenda kusaidia biashara za nje; hao wanafaa kampuni iliyokwisha kuwa na wafanyakazi.

Na ndugu zetu walioko Marekani, wanaopika sambusa na maandazi majumbani na kuuza kanisani au msikitini, watafute SCORE. Ipo tangu 1964, inashirikiana na shirika la serikali la biashara ndogo, na ushauri wake ni bure. Wengi wa walezi wake ni watu waliokwisha kuendesha biashara. Pale sheria za chakula na matangazo zinatofautiana kila jimbo, na shemeji aliyeko Dar hawezi kukusaidia.

Sabasaba nayo niiseme, ingawa si programu. Maonesho yale ya biashara ya kila mwaka, Barabara ya Kilwa, yanakukutanisha na wauzaji wengi mahali pamoja. Nenda siku za mwanzo, asubuhi, kabla ya msongamano. Siku za mwisho kila mtu anapunguza mzigo na hana la kukwambia zaidi ya bei.

Wa kulipwa

Nililipa shilingi laki moja na nusu kwa mafunzo ya siku mbili ya masoko mtandaoni. Ukumbi ulijaa. Mwalimu alizungumza vizuri, tukapiga picha za pamoja, tukaambiwa tutafuatiliwa mmoja mmoja kwa miezi mitatu. Nilituma ujumbe mara nne. Wa kwanza ulijibiwa kwa emoji ya mikono, iliyobaki haikujibiwa. Jambo lililoniuma lilikuwa kwamba mfano aliotufundishia wa kuuza mtandaoni ulikuwa yeye mwenyewe akituuzia mafunzo, na hatukuwahi kuoneshwa bidhaa nyingine aliyoiuza.

Sisemi wote wako hivyo. Wapo wanaopiga picha za bidhaa, wanaojua matangazo ya kulipia, wanaojua kuandika. Hao uwalipe kwa kazi maalumu yenye mwisho, kama unavyomlipa fundi. Ila kabla hujatoa hela, mwombe akutajie wateja watatu wenye biashara ya ukubwa wako, uwapigie mwenyewe. Anayekataa kutaja hata mmoja, muage vizuri.

Wenzako wa saizi yako

Tuko watano: wa sabuni ya maji, wa unga wa lishe, wa batiki, wa keki, na mimi. Tulianza kama mchezo wa kupeana hela, tukaongeza nusu saa ya kusomeana daftari la mauzo kila Jumapili. Hakuna anayejua kuliko mwenzake, na hilo ndilo pungufu: tulikaa miezi minne tukiigana stetasi za WhatsApp, mandhari yaleyale, maua yaleyale ya plastiki, na hakuna aliyeongeza mteja. Lakini kwa kukuamsha ukiwa umekata tamaa, na kukudai umefanya ulichosema utafanya, hawana mfano. Mlezi unamwona mara moja kwa mwezi. Hawa unawaona kila wiki, na ukidanganya wanajua.

Basi nani kwa shida ipi

Ukiwa hujulikani mtaani, mtazame mtu aliyefikisha bidhaa kwa mlaji bila duka, uige hatua moja tu. Shida ikiwa wanakujua na wamenunua mara moja, lakini hawarudi, hapo mfano wa mbali hausaidii hata kidogo. Tafuta wa kukutazama, umwoneshe bidhaa yenyewe, umwambie malalamiko bila kuyapunguza. Anayetaka kuingia maduka makubwa aende kwenye ofisi kwanza, maana kinachomzuia ni nyaraka. Anayejua la kufanya lakini halifanyi anahitaji wenzake wanne kuliko mlezi yeyote.

Na kama nina nafasi ya kumpa mtu mmoja tu, nitampa wa karibu, aliyetangulia kidogo, anayemuuzia mteja wako kitu kingine. Nimewajaribu wote, na huyo ndiye aliyebadilisha hesabu kwenye daftari langu.

Namna ya kumwendea ni jambo la adabu. Usimwambie mtu mzima "naomba uwe mlezi wangu". Unamtwisha mzigo asioujua uzito wake. Mimi nilianza kwa kununua kwake kwa miezi, nikiangalia. Kisha nikamtumia ujumbe huu, ninao hadi leo:

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyenunua iliki Jumanne nikakuuliza habari za wapishi wa harusi. Nauza siagi ya karanga, chupa arobaini hivi kwa wiki, nimekwama hapo tangu Machi. Naomba nije Jumanne ijayo saa kumi jioni ukiwa umetulia, nikuoneshe chupa na daftari langu la mauzo. Sitazidisha nusu saa."

Alijibu kwa maneno mawili: "Marahaba. Njoo." Nadhani kilichomfanya akubali ni ile arobaini. Mtu akikutajia hesabu unajua amekuja na kazi.

Mkono mtupu haulambwi, nami sikuwahi kwenda mtupu, lakini sikumpelekea hela, ingekuwa kumkosea. Nilimpelekea chupa ya nyumbani kwake. Baadaye nikaona anapoteza wateja vijana wasiotembea na fedha taslimu, nikamsaidia kusajili Lipa Namba ya kupokelea malipo kwa simu, nikamchapishia karatasi yake na kuigandisha kwa nailoni isiingie unga wa binzari. Kila nilichoambiwa nilikifanya ndani ya wiki, hata nilichokuwa na shaka nacho, kisha nikarudi na matokeo. Mengine hayakufaa. Alinishauri nipunguze bei kwa anayechukua chupa tatu, na haikuongeza kitu. Nilimwambia hivyo, akakuna kichwa, akasema basi wangu si kama wako.

Mwaka jana nilimweleza kuwa nataka kuingia supamaketi. Walikuwa wameniuliza barkodi, alama ya TBS, na kama nitaweza kusubiri malipo ya siku sitini, wakati mimi mali kauli ya wiki mbili tu kwa Mangi huniacha bila hela ya karanga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafunga vifuko viwili vya mteja, akarudisha chenji, akasema, "Hapo mimi sifiki, mwanangu." Akavuta lile daftari, akageuza kurasa za nyuma kabisa, akanisomea namba ya mtu aliyewahi kununua masala kwake kwa magunia, ambaye sasa anapeleka mzigo kwenye maduka hayo. "Mwambie umetoka kwangu. Na umpelekee hesabu, kama ulivyoniletea mimi."